Ukurasa wa mtafiti kwenye Google Scholar: unafaa kiasi gani kumpima bingwa wa homoni?

Ukitaka kujua mtaalamu wa kisukari au wa tezi amefanya utafiti gani na kazi yake imefika wapi, huduma inayofunguliwa kwanza Upanga, Mlimani na Mikocheni ni Google Scholar. Ni bure, inafunguka kwenye simu ya kawaida, na ukurasa mmoja unakupa jina la mtu, chuo chake, orodha ya makala zake na namba tatu pembeni. Namba hizo ndizo zinazonakiliwa kwenye maombi ya ruzuku, kwenye wasifu wa kazi na kwenye faili la kupandishwa cheo. Tunaitathmini huduma hii kwa kazi hiyo moja: kusoma safari ya utafiti ya mtaalamu wa endokrinolojia, yaani tiba ya homoni, anayefanya kazi Dar es Salaam, na kupima kazi yake imetumiwa na wenzake kwa kiasi gani.

Hukumu tuitangulize. Kwa kutafuta makala, Google Scholar haina mpinzani. Kwa kumpima mtu, namba zake ni malighafi tu, na anayezipeleka mbele ya kamati bila kuzisafisha anaweza kumdhulumu mwenye jina au kumpendelea. Usafishaji unachukua saa mbili tatu kwa mtafiti mwenye makala arobaini hivi, na sehemu kubwa ya maelezo yafuatayo ni kuhusu saa hizo.

Huduma ilianza 2004, na kurasa binafsi za watafiti zikafunguliwa kwa watu wote 2011. Ukurasa unaonyesha jumla ya nukuu, yaani mara ngapi makala za mtu zimetajwa na makala nyingine, kipimo cha h, na i10. Kila kimoja kina safu mbili: ya maisha yote na ya takriban miaka mitano ya karibuni. Kipimo cha h kilipendekezwa 2005 na Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, San Diego. Hakikubuniwa na matabibu wala kwa ajili ya matabibu, jambo ambalo wajumbe wa kamati husahau.

Hesabu yake ni rahisi. Chukua mtafiti mwenye makala tisa zilizonukuliwa mara 210, 64, 31, 12, 9, 6, 5, 2 na 0. Jumla ni 339. Panga kuanzia yenye nukuu nyingi, kisha shuka hadi pale nafasi ya makala inapozidi idadi ya nukuu zake. Makala ya sita ina nukuu 6, ya saba ina 5. Basi h ni 6. i10 ni idadi ya makala zenye nukuu 10 au zaidi, na hapa ni 4.

Sasa tuseme ile makala ya 210 ni ya muungano wa kimataifa wenye waandishi mamia, na mtafiti wetu alichangia takwimu za wilaya moja tu. Iondoe. Jumla inaanguka kutoka 339 hadi 129, lakini h inashuka kwa hatua moja tu, kutoka 6 hadi 5. Rudisha makala hiyo, halafu tuseme makala ya nukuu 9 imeorodheshwa mara mbili, nusu moja ina nukuu 5 na nyingine 4, kwa sababu jina la jarida liliandikwa kwa namna mbili. Jumla haijabadilika, lakini h imeshuka hadi 5. Kwa hiyo kila namba ina ugonjwa wake: jumla huvimbishwa na makala moja kubwa, h hudhoofishwa na orodha chafu. Kamati inayoangalia namba moja peke yake haitauona ugonjwa wa nyingine.

Kufungua ukurasa

Ingia kwa akaunti yoyote ya Google. Andika jina kama linavyosomeka kwenye makala zako, si kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA. Kwenye nafasi ya barua pepe ya kazi weka ile ya chuo au ya taasisi, kisha ufungue ujumbe wa uthibitisho watakaokutumia. Usipothibitisha, ukurasa wako hautajitokeza kwenye matokeo ya utafutaji hata ukiuweka wazi kwa umma. Ujumbe huo mara nyingi huangukia kwenye folda ya barua taka, na kama barua pepe ya taasisi imejaa haufiki kabisa. Futa za zamani kwanza. Ukihama taasisi, badilisha anwani mapema ungali unaweza kuifungua ile ya zamani.

Hatua inayofuata ndiyo inayoharibu kurasa nyingi. Google inakuletea mafungu ya makala inazodhani ni zako na kukuomba ukubali fungu zima. Usikubali fungu, fungua ndani, soma kila kichwa, weka alama kwenye zako tu. Kisha inakuuliza kama makala mpya ziingie zenyewe au utumiwe barua pepe kwanza uzikague. Chagua kukagua. Mtu mwenye jina la ukoo kama Mushi, Massawe, Juma au Mohamed na herufi moja ya mwanzo akiacha mlango wazi, baada ya mwaka atakuta makala za malaria, za uhandisi wa maji na za elimu ya msingi zimepanga foleni chini ya jina lake. Makala ya kilimo katikati ya orodha ya mtaalamu wa insulini inamfanya msomaji ashuku hata zile halali.

Majina yetu yana shida nyingine. Wengi tuna majina matatu, na makala moja hutumia la kwanza na la tatu, nyingine la kwanza na la pili. Wanawake walioanza kuchapisha kabla ya kuolewa wana majina mawili kwenye majarida. PubMed, hazina ya makala za tiba ya Marekani, huhifadhi herufi mbili tu za mwanzo: mtafiti mashuhuri wa kisukari nchini, Profesa Andrew Swai, anaonekana huko kama Swai AB, wakati kwingine ameandikwa Swai ABM. Anayetafuta kwa herufi tatu kwenye hazina yenye mbili anaondoka akidhani hakuna kitu. Tafuta kwa kila umbo la jina, na ndani ya ukurasa wa Google ongeza makala zinazokosekana kwa kutafuta kichwa cha makala badala ya jina la mtu. Kuziandika kwa mkono iwe njia ya mwisho, maana rekodi iliyoandikwa kwa mkono haiji na nukuu zake.

Makala pacha huunganishwa kwa kuziwekea alama zote mbili kisha kubonyeza kitufe cha kuunganisha. Mfumo utakuuliza ni rekodi ipi ibaki kama sura ya makala. Chagua ile yenye jina kamili la jarida, juzuu na kurasa. Hesabu mpya inaweza kuchelewa kutulia, kwa hiyo usichapishe ukurasa wako siku hiyo hiyo. Ukiona alama ya nyota karibu na idadi ya nukuu, Google inakuambia kwamba hesabu hiyo ina rekodi ambazo huenda si za makala hiyo. Bonyeza kichwa, tazama orodha iliyo chini, na kama kuna mgeni mtenganishe. Nyota ni onyo zuri, na inasikitisha kuona kamati zikiipita kama vile ni pambo.

Mahali mashine inapokosea kwa urahisi ni makala zenye sehemu ya kwanza na ya pili. BMJ, jarida la tiba la Uingereza, ilichapisha mwaka 1990 makala mbili za kundi la Muhimbili kuhusu wagonjwa wapya wa kisukari waliofika Dar es Salaam kati ya 1981 na 1987. Moja inaeleza wagonjwa walikuwa watu wa namna gani, nyingine inaeleza ugonjwa uliwapeleka wapi. Kichwa kikuu ni kimoja, jarida moja, toleo moja, kurasa zinafuatana. Rekodi za namna hiyo zinaunganishwa kimakosa kwa wepesi, na watu wengine wanaonukuu huandika kichwa kikuu bila kutaja sehemu. Kwa kazi za namna hiyo hesabu nukuu kwa kufungua makala zinazonukuu, usiitegemee namba ya juu.

Kwa nini homoni zina hesabu yake

Endokrinolojia si fani moja ikija kwenye nukuu. Ndani yake kuna watu wa maabara, watu wa kliniki, watu wa takwimu za jamii, na watu wa miongozo ya tiba. Kila kundi linanukuliwa kwa mwendo wake, na ukurasa wa Google unawaweka wote kwenye mizani moja.

Wanaopata nukuu nyingi kuliko wote ni watu wa vipimo na fasili. Mwaka 1985 Matthews na wenzake wa Oxford walichapisha kwenye Diabetologia njia ya kukadiria usugu wa mwili kwa insulini, inayojulikana kama HOMA: zidisha insulini ya asubuhi kabla ya kula, kwa vipimo vya mikroyuniti kwa mililita, mara sukari kwa milimoli kwa lita, kisha gawanya kwa 22.5. Kila anayefanya hesabu hiyo popote duniani anainukuu makala hiyo. Vivyo hivyo Alberti na Zimmet, walioandika 1998 kwenye Diabetic Medicine fasili na makundi ya kisukari kwa niaba ya Shirika la Afya Duniani: kila utafiti wa kuhesabu wagonjwa kijijini au mjini ulipaswa kusema umetumia fasili ipi, na jina lao likaandikwa. Huo ni mchango halisi, hatuudharau hata kidogo. Lakini makala moja ya namna hiyo inaweza kubeba nusu ya nukuu za mtu, na daktari aliyefuatilia wagonjwa wake kliniki kwa miaka ishirini hawezi kuifikia kwa juhudi yoyote.

Kinyume chake pia kipo. Rosalyn Yalow na Solomon Berson walieleza 1960 namna ya kupima insulini kwenye damu kwa kutumia mionzi na kingamwili, na Yalow akapata Tuzo ya Nobel 1977. Berson alikuwa amefariki 1972. Njia hiyo ndiyo iliyofungua mlango wa kupima homoni zilizomo kwenye damu kwa kiasi kidogo mno. Leo daktari wa Dar es Salaam anayeandika kipimo cha homoni ya tezi kwenye karatasi ya maabara hamnukuu Yalow, na makala inayochapishwa mwezi huu kuhusu tezi haimtaji. Ugunduzi ukishakuwa jambo la kila siku, nukuu zake hukatika. Anayesoma mchoro wa nukuu unaoshuka na kusema kazi ya mtu imepitwa na wakati anaweza kuwa anaangalia kazi iliyoshinda kiasi kwamba haihitaji tena kutajwa.

Miungano mikubwa ni tatizo la tatu, na kwa Tanzania ndilo zito zaidi. Utafiti wa kisukari wa UKPDS wa Uingereza ulichapishwa kwenye jarida la Lancet 1998 kwa jina la kundi zima. DCCT wa Marekani, kwenye New England Journal of Medicine 1993, vivyo hivyo. Mwaka 2016 muungano wa NCD-RisC ulikusanya tafiti 751 zenye washiriki milioni 4.4 na kuonyesha kwamba watu wazima wenye kisukari duniani waliongezeka kutoka milioni 108 mwaka 1980 hadi milioni 422 mwaka 2014. Makala za namna hii hunukuliwa maelfu ya mara, na watafiti wa Kiafrika waliotoa takwimu zao wanaorodheshwa kama wachangiaji. Je, zihesabiwe kwao? Jibu letu: ziorodheshwe, lakini katika fungu lake, na namba za mtu zitolewe mara mbili, pamoja nazo na bila nazo. Kuzificha ni kuwanyang'anya watu jasho la kukusanya takwimu vijijini. Kuzichanganya kimya kimya ni kumdanganya mwenye kusoma. Kwenye PubMed jina la mchangiaji wa namna hii halipatikani ukitafuta kwa alama ya mwandishi, [au]. Tumia [ir], alama ya mtafiti mshiriki, nalo litajitokeza pale lilipoingizwa.

Angalia pia miongozo ya kila mwaka. Chama cha Kisukari cha Marekani hutoa viwango vyake vya tiba kila Januari katika nyongeza ya Diabetes Care, na vichwa vya sura hufanana mwaka hadi mwaka. Nukuu za mwaka mmoja zinaweza kumwagikia kwenye rekodi ya mwaka mwingine. Mtu aliyekaa kwenye kamati ya mwongozo kwa mwaka mmoja anaweza kujikuta amerithi nukuu za miaka ambayo hakuwemo, bila kosa lake.

Kazi za nyumbani zinavyopotea

Makala iliyofungua macho ya wengi kuhusu kisukari vijijini kwetu ilitoka kwenye Lancet 1989: McLarty, Swai na wenzao walipima watu wazima wa vijiji sita vya Tanzania na kukuta wenye kisukari hawafiki asilimia 1, huku waliokuwa na sukari iliyopanda kidogo bila kufikia kisukari wakiwa wengi zaidi. George Alberti, yule yule wa fasili ya 1998, ni mmoja wa waandishi. Makala hiyo ni rahisi kuipata, kwa kuwa Lancet haipotei. Lakini ukurasa wa Google hufunguliwa na mtu mwenyewe. Kizazi kilichojenga kliniki za kisukari miaka ya 1980 kilifanya kazi kabla ya huduma hii kuwepo, na kumtafuta mtu wa kizazi hicho kwa ukurasa wake ni kuanza mahali pasipofaa. Anza na makala, shuka kwa waandishi wenza, kisha panda na walionukuu.

Kazi nyingine haikupita kwenye majarida makubwa kabisa. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoanzishwa 1973 na kukaa Dar es Salaam, ilifanya sehemu kubwa ya kazi ya upungufu wa madini joto na uvimbe wa tezi la shingo. Matunda yake yako kwenye pakiti ya chumvi yenye madini joto dukani. Ripoti zake zilisomwa wizarani na mikoani, na msomaji wa ripoti wizarani haandiki makala ya kuinukuu. Mtaalamu wa tezi aliyetumia miaka kumi katika kazi hiyo anaweza kuwa na h ndogo kuliko mwenzake aliyechambua takwimu za wengine kwa miaka mitatu. Hapa Google Scholar ina nafuu kubwa kuliko washindani wake, kwa sababu inachukua ripoti na tasnifu pia, mradi faili liwe kwenye mtandao na lisomeke na mashine. Mwongozo wake unataka PDF isiyozidi megabaiti 5, yenye maandishi yanayoweza kutafutwa, kichwa kikiwa kwa maandishi ya saizi kubwa ukurasa wa kwanza na majina ya waandishi chini yake. Ripoti iliyopigwa picha kwa skana bila kugeuzwa kuwa maandishi haisomeki. Maktaba yenye rafu za ripoti za zamani ikizigeuza na kuzipunguza uzito itafanya jambo kubwa kwa watafiti wake kuliko semina yoyote ya kuandika wasifu.

Majarida ya hapa pia yanafaidika. Tanzania Journal of Health Research liko kwenye AJOL, hazina ya majarida ya Afrika inayoendeshwa kutoka Afrika Kusini, na Google Scholar hupitia humo. Mtu anayechapisha kuhusu mguu wa kisukari au insulini ya watoto ili asomwe na madaktari wa Temeke na Dodoma hapaswi kuonekana hana kitu.

Bei ya upana huo ni uchafu. Google Scholar haina mhariri anayechuja majarida, kwa hiyo nukuu kutoka jarida la kulipia lisilo na wahakiki inahesabika sawa na nukuu kutoka Lancet. Nukuu za mtu kujinukuu hazitenganishwi. Makala iliyofutwa na jarida kwa udanganyifu inaendelea kuhesabiwa.

Washindani

Scopus ya Elsevier, iliyoanza nayo 2004, inachagua majarida, inatenganisha kujinukuu, na inaunda ukurasa wa mtafiti yenyewe bila kuombwa. Ndiyo maana mara nyingi Mtanzania mmoja ana kurasa mbili au tatu humo, kila moja kwa umbo lake la jina. Marekebisho ni bure: tafuta jina kwenye sehemu ya wazi ya Scopus, weka alama kwenye kurasa zote zilizo zako, omba ziunganishwe. Kipimo chake bora ni kile kinacholinganisha makala na nyingine za fani ile ile, aina ile ile na mwaka ule ule, ambapo 1.00 ndiyo wastani wa dunia. Kwa mtaalamu wa homoni hicho kinasema mengi kuliko h. Tatizo ni bei: ukitoka nje ya sehemu ya wazi unahitaji taasisi iliyolipia. Web of Science, iliyozaliwa na fahirisi ya Eugene Garfield ya 1964 na sasa iko chini ya Clarivate, ni kali zaidi na ghali vilevile. Majarida ya Afrika Mashariki humo ni machache.

Inayotufaa kuliko zote, na wengi Dar es Salaam hawaitumii, ni iCite ya taasisi za afya za taifa za Marekani. Ni bure na haihitaji akaunti. Tafuta makala za mtu kwenye PubMed, weka alama kwenye zake, hifadhi namba za makala tu, kisha zibandike kwenye iCite. Inakupa kwa kila makala uwiano wa nukuu ukilinganishwa na makala zinazonukuliwa pamoja nayo, yaani majirani zake halisi wa kisayansi. 1.0 ni makala ya katikati kati ya zile zilizofadhiliwa na taasisi hizo. Makala ya kliniki ya Muhimbili yenye nukuu 30 na uwiano wa 1.8 inasimama imara kuliko makala yenye nukuu 90 na uwiano wa 0.7. Upungufu wake ni mmoja na ni mkubwa: kisichokuwemo PubMed hakihesabiwi, kwa hiyo ripoti za lishe na majarida mengi ya hapa yanabaki nje.

OpenAlex, iliyoanza Januari 2022, ni ya bure na wazi, ila bado inachanganya watu wenye majina yanayofanana. Tuitumie kwa ukaguzi, si kwa hukumu. Namba ya ORCID, yenye tarakimu 16 na inayomtambulisha mtafiti mmoja tu, haipimi chochote, lakini ndiyo tiba ya ugonjwa wa majina. Ifungue kabla ya makala ya kwanza na uiandike kila unapowasilisha andiko.

Kwenye mtandao wa hapa

Ukurasa wa Google Scholar ni mwepesi na haumalizi bando. Usumbufu unakuja ukiwa kwenye mtandao wa chuo: watu wengi wanatoka kupitia anwani moja, Google inadhani ni roboti na kuanza kukutaka uchague picha za taa za barabarani, wakati mwingine bila mwisho. Hamia kwenye data ya simu kwa kazi ya ukaguzi. Hakuna mlango rasmi wa kupakua data kwa wingi. Programu ya bure ya Publish or Perish, iliyotengenezwa na Anne-Wil Harzing, inasaidia kuvuta orodha ya mtu na kuipeleka Excel, lakini ukiuliza maswali mengi mfululizo itafungiwa kwa muda. Acha nafasi kati ya swali na swali.

Kusoma makala zenyewe, zisizo wazi kwa wote, pitia Research4Life kwa akaunti ya taasisi yako. Sehemu yake ya afya, Hinari, ilianzishwa 2002 chini ya Shirika la Afya Duniani, na Tanzania iko kwenye kundi la nchi zinazopata bure. Hatua hii hairukwi. Huwezi kujua makala ya kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari ya damu kwa miezi miwili mitatu, imenukuliwa kwa kusifiwa au kwa kupingwa bila kuzifungua zinazoinukuu. Kipimo hicho, ambacho asilimia 6.5 ndiyo mpaka wa kisukari tangu Shirika la Afya Duniani likikubali 2011, huweza kupotoshwa na upungufu wa damu na, kwa baadhi ya mashine, na vinasaba vya selimundu. Makala ndogo inayoonyesha jambo hilo kwa wagonjwa wa Dar es Salaam inaweza kuwa na nukuu kumi na mbili tu na bado ikabadilisha namna kliniki nzima inavyosoma majibu ya maabara.

Kwa faili la kupandishwa cheo tunapendekeza karatasi moja yenye mambo haya: jumla, h na i10 za Google Scholar baada ya kusafishwa, pamoja na za Scopus, na tarehe ya kuzichukua, kwa sababu hupanda na kushuka kila wiki; namba hizo hizo bila makala za miungano; uwiano wa iCite kwa kila makala iliyomo PubMed; makala tano ambazo mwenyewe anaziona ndizo kazi yake, kila moja na mistari mitatu inayosema alifanya nini ndani yake na nani aliitumia; na ripoti au mwongozo wa tiba wa nchi uliotokana na kazi hiyo, hata kama hauna nukuu moja. Kipimo cha jarida, ile namba ya Clarivate inayotajwa kana kwamba ni ya mtu, kiachwe nje. Azimio la San Francisco la tathmini ya utafiti lilishalisema hilo, na kamati inayotaka kukiona iulizwe inataka kujua nini hasa kuhusu mwombaji.

Alama zetu kwa Google Scholar: kutafuta, 9 kati ya 10. Kuonyesha safari ya mtafiti wa homoni kwa mtu asiye na haraka, 7. Kulinganisha watafiti wawili wa homoni kwa namba zake peke yake, 3, na hiyo 3 inatokana na upana wake kwa majarida na ripoti za Afrika.